Nanasi na Njia ya Nyeri

Msomaji, ukishuka kwa gari kutoka Nyeri kwenda Nairobi utapita Karatina na Sagana, na kwa mwendo mrefu utaona kahawa, migomba na mahindi katika vishamba vya watu. Kisha, upitapo Makuyu na kukaribia Thika, nchi hugeuka ghafla: mbele yako kuna shamba la mananasi lisiloonekana mwisho wake. Kwa nini mmea huu ujae hapa, nao usijae kule juu chini ya Mlima Kenya?

Nanasi si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, pande za Brazil na Paraguay, ambako wenyeji walilipanda zamani sana kabla ya Christopher Columbus kulikuta katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493. Wareno walilivusha bahari katika merikebu zao, na jina likasafiri pamoja na tunda. Neno letu "nanasi" asili yake ni lugha ya wenyeji hao wa Amerika.

Mmea wenyewe una tabia ya ajabu. Hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana, jua lisije likaunyang'anya maji. Kwa hiyo huvumilia ukame kuliko mimea mingi. Bali hauvumilii baridi, wala maji yaliyotuama mizizini. Nyeri iko kadiri ya mita 1,750 juu ya bahari, na baridi ya usiku wa Julai huko wewe mwenyewe waijua. Nanasi lipandwalo humo hukawia mno kukomaa, na aghalabu huwa kali. Thika iko chini zaidi, kadiri ya mita 1,500, ina joto la kutosha na udongo mwekundu upitishao maji upesi.

Lakini hali ya hewa haielezi ukubwa wa shamba lile. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kiwanda cha kutia mananasi mikebeni kilianzishwa Thika. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, mpango wa kilimo wa R. J. M. Swynnerton ulitaja nanasi miongoni mwa mazao ya biashara ya Mwafrika, naye mkulima mdogo akapanda, akavuna, akauza kiwandani. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Marekani tuijuayo leo kwa jina la Del Monte iliingia katika kiwanda hicho, ikapendelea kulima shamba lake yenyewe. Haikukosa sababu: mashine zataka matunda ya kimo kimoja, tena yafike kila siku kwa kipimo, na shamba moja kubwa laweza kutiwa dawa ili mimea ichanue pamoja. Hesabu hiyo ilifaa kiwanda. Mkulima mdogo alipoteza mnunuzi wake.

Wala ardhi ile haikosi historia yake. Kabla ya mananasi palikuwa na mashamba ya katani ya walowezi, na wakazi wa Kandara wamedai kwa miaka mingi kwamba ni nchi ya babu zao, iliyotwaliwa wakati wa ukoloni. Madai yao yamefika mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi, na mahakamani pia.

Huko Gatundu, jirani na Thika, wakulima wadogo wangali wakilima mananasi. Yao hayaendi mikebeni. Huuzwa sokoni, moja moja.