Kinanda cha wakstesheni jukwaani (Kitui na Makueni)

Kinanda cha wakstesheni ni sinthesaiza yenye sauti za ala nyingi, sikwensa ya kurekodi na kupanga nyimbo, na vionjo vya kuipamba sauti, hata mtu mmoja akaweza kutengeneza wimbo mzima bila kompyuta. Aina hii ilipata umaarufu baada ya kampuni ya Korg ya Japani kutoa M1 mwaka 1988, iliyotoa sauti 16 kwa pamoja na kurekodi nyimbo katika traki 8. Katika kaunti za Kitui na Makueni vinanda vya umeme hupigwa makanisani, harusini, kwenye harambee na katika bendi, na mnunuzi wa huko hujikuta mara nyingi akichagua kati ya wakstesheni na jamaa yake wa karibu, arenja.

Arenja, kama zile za mfululizo wa Yamaha PSR, humfuata mpigaji. Mkono wa kushoto ukishika kodi, mashine hupiga ngoma, besi na gitaa kwa mtindo uliochaguliwa, na wapigaji huuita staili. Nyingi huwa na spika ndani. Wakstesheni kwa kawaida haina spika wala staili kama hizo, na wengi huinunua wakitarajia itawapigia besi, kisha wanashangaa ikinyamaza. Kwa hiyo jambo la kuamua mapema ni akina nani watakaosimama na mpigaji jukwaani. Asiye na mpiga ngoma wala besi hahitaji wakstesheni, hata kama ina jina kubwa zaidi na bei inayolingana na jina hilo.

Kanisa la kijijini ndilo mfano ulio wazi. Kwaya nyingi za Kenya hujifunza nyimbo kwa solfa, na ibadani mwimbaji huanzisha pambio kwa ufunguo wowote uliomjia kooni. Mpigaji ana sekunde chache tu za kuutafuta. Wengi wamezoea funguo mbili tatu, na zilizobaki huzipata kwa kitufe cha transipozi. Kwenye PSR vitufe hivyo viko wazi juu ya paneli, na Roland Juno-DS nayo ina chake. Kinanda kinachoficha transipozi ndani ya menyu hakifai kwa kazi hiyo, hata kiwe na piano tamu namna gani. Kasi nayo husumbua: pambio huanza taratibu, makofi yakaingia, na baada ya beti kadhaa waumini wameshaliacha biti nyuma. Mpigaji anayejua kazi huigonga kasi mpya kwa kitufe cha tempo, au huzima ngoma za mashine na kuwaachia makofi.

Bendi ya benga ina mahitaji mengine. Benga ya Kikamba, iliyopewa sura na wanamuziki kama Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, na kundi lake la Kilimambogo Brothers, husimama juu ya magitaa yanayojibizana na besi inayotembea bila kutulia. Staili za kiwandani zilitengenezwa zaidi kwa muziki wa Ulaya na Amerika, na staili ya Kilatini iliyo karibu na benga huipotosha besi. Dawa ni kuhariri staili au kupata ya mpigaji mwingine kwa flashi. Bendi ikiwa na magitaa yake, staili haina kazi tena. Kinanda kinabaki na sauti za tarumbeta, ogani na nyuzi za kujaza nyuma. Hapo wakstesheni inastahili fedha zake. Yamaha MODX, iliyotoka mwaka 2018, hubadilisha sauti bila kuikata ile inayomalizikia, jambo ambalo wakstesheni za zamani za Yamaha, Motif, zilishindwa kulifanya. Korg Kross 2 ina pedi 16 za sampuli, kwa hiyo filimbi na vigelegele vilivyorekodiwa kwenye ngoma ya kijijini vinaweza kupigwa kwa kidole.

Idadi ya sauti za pamoja, ambayo wauzaji huisifia sana, si kigezo kikubwa. Ziwe 64 au 128 kama za Juno-DS, penye spika za harambee zilizofunguliwa hadi mwisho ni wachache watakaosikia tofauti. Uzito, kwa upande mwingine, huhisiwa na kila mtu. Kross 2 yenye funguo 61 ina kilo 3.8, Juno-DS61 kilo 5.3, MODX6 kilo 6.6. Wakstesheni za funguo 88 zenye uzito wa piano zinaweza kupita kilo 25, na hizo hazipandi bodaboda kwenda vilima vya Kilungu.

Umeme huamua mengi. Stima ikipotea katikati ya harusi, kinanda cha kuwaka upesi humwokoa mpigaji. Korg Kronos ya mwaka 2011, pamoja na ubora wake wote, huchukua dakika mbili hivi kuamka. Kross na Juno-DS hupokea betri ndogo za AA (za Juno-DS ziwe za kuchajiwa), na kwa mikutano ya nje ya gridi sifa hiyo inashinda sauti elfu moja za ziada. Jenereta isiyo na stabilaiza huchosha adapta. Hatari kubwa zaidi ni kinanda chenye pawasaplai ya ndani kilichonunuliwa Marekani: ikiwa mgongoni kimeandikwa volti 120 pekee, umeme wa Kenya wa volti 240 utakiunguza mara kinapochomekwa. Adapta za kampuni mbalimbali zina volti tofauti, na nyingine zina ncha zilizogeuzwa, hivyo kuazima ya jirani kwa sababu plagi imeingia ni kubahatisha.

Vumbi la nyanda za chini, kuanzia Mutomo hadi Kibwezi, huingia chini ya funguo na kuchafua raba za mguso. Dalili yake ni funguo zinazopiga kwa nguvu kupita kiasi au zisizolia kabisa. Kitambaa cha kufunika na usafishaji wa fundi hutosha mara nyingi. Skrini za kugusa hazisomeki vizuri juani, na vitufe halisi vinabaki na faida yake uwanjani. Mikisa ikiwa na nafasi moja tu, waya uingie tundu lililoandikwa L/MONO. Ukiingia R, nusu ya piano hupotea.

Vinanda vingi vya mtumba huuzwa vikiwa vimewashwa tayari. Mnunuzi akizime, akiwashe upya, apige kila ufunguo kwa nguvu na kwa upole, azungushe vidhibiti vyote akisikiliza mikwaruzo, achomeke flashi aone kama inasomeka, kisha aangalie kama adapta ni ya asili. Kinanda ambacho fundi wa karibu ameshawahi kukifungua kina thamani zaidi kuliko toleo jipya ambalo hakuna aliyeliona ndani.