Mkoko na Magofu ya Kua

Mtu afikaye Kua, katika kisiwa cha Juani kilicho kusini-mashariki ya Mafia, huziona kuta za mawe zilizosimama bila dari. Jicho huvutwa kwanza na misikiti na jumba litajwalo kuwa la watawala. Lakini upana wa vyumba vya mji ule haukuamuliwa na mtawala wala na mwashi. Uliamuliwa na mti.

Mti huo ni mkoko, uotao katika matope ya pwani pasipo mpanzi. Mbegu yake huchipua ingali tawini, kisha huanguka na kujichoma topeni, au huchukuliwa na maji. Shina lake likatwapo kuwa boriti ni gumu na zito, wala haliliwi upesi na mchwa. Waashi walilaza boriti juu ya kuta, wakapanga mawe ya matumbawe, wakashindilia chokaa na kokoto. Dari ya namna hiyo ni nzito mno, na boriti ikizidi urefu hupinda. Kwa hiyo chumba kiliweza kuwa kirefu apendavyo mwenyewe, bali upana wake haukuzidi sana mita 2.5. Kipimo hicho chaonekana Lamu na Kilwa, hata katika bandari za Ghuba, ambako boriti za Afrika ya Mashariki zilipelekwa kwa majahazi yaliyorejea na kusi.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska waliushambulia Kua, wakachukua watu utumwani, na mji ukahamwa. Dari zikaoza, kuta zikabaki. Mwaka 1890 Mafia ikawa chini ya Wajerumani, na mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji, ng'ambo ya mlango wa bahari, ikawekwa chini ya sheria ya misitu. Mti uliokuwa hauna mpanzi ukapata mwenyewe, na mkataji akahitaji ruhusa. Tangu mwaka 1995 maji ya kusini mwa Mafia, pamoja na mikoko yake, yamo katika Hifadhi ya Bahari.

Atafutaye habari za Kua katika hati na masimulizi hupata majina machache, nayo ni ya wakubwa. Wakata boriti hawakuandikwa popote. Hata hivyo, apimaye leo upana wa chumba cha Kua apima kazi yao: urefu wa mti ambao mtu aliukata topeni, maji yalipokuwa yamekupwa.