Filamu Iliyomfungua Bibi Mdomo

Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwekea Bibi kinasa sauti mbele yake, nyumbani kwake Michenzani, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Yashapita hayo, mwanangu. Kunywa chai." Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na nilitaka kujua Ng'ambo ya miaka ya 1950 ilikuwaje machoni pa msichana aliyekulia humo. Alichokubali kunisimulia ni bei ya mkate na ukali wa mwalimu wake wa chuoni.

Swali langu halikumfungua mdomo. Filamu ndiyo iliyomfungua.

Aliyeiongoza, Amil Shivji, hakuanza na Zanzibar. Alisomea filamu Chuo Kikuu cha York, Toronto, akarudi Dar es Salaam na kuanzisha kampuni yake, Kijiweni Productions. Jina linajieleza: kijiweni ndipo watu hukaa wakazungumza mpira, siasa na maisha. Filamu fupi ya Shoeshine (2013) inamtazama mng'arisha viatu wa Dar na wateja wanaopita mbele yake. T-Junction (2017), filamu yake ndefu ya kwanza, inawakutanisha wasichana wawili hospitalini, mmoja akiwa amefiwa na baba ambaye hakuwahi kuwa karibu naye. Filamu hiyo ndiyo iliyofungua Tamasha la ZIFF hapa Unguja mwaka huo, lilipofanyika kwa mara ya 20.

Kisha ikapita miaka minne. Kwa soko lililozoea filamu za kupigwa kwa siku chache, miaka minne ni mingi. Lakini mwongozaji wa kujitegemea hana studio inayomlipa mshahara. Huandika, hufundisha, huzalisha kazi za wenzake, na hutafuta fedha vipande vipande. Mwaka 2021 ikatoka Vuta N'kuvute, mswada wake akiwa ameuandika pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini. Ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto, mji aliosomea, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, ikiwa filamu ya pili ya nchi hii baada ya Maangamizi ya 2001.

Sisi tuliopita kidato cha tano na sita tunaijua Vuta N'kuvute kama mtihani: taja dhamira tano, jadili nafasi ya mwanamke. Riwaya ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, tuliikariri zaidi ya kuisoma. Yasmin, binti wa Kihindi, anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anavuka kwenda Ng'ambo kwa Mwajuma, na huko anampenda Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa Mwingereza.

Nilikuwa na shaka zangu. Mtu wa Dar aje kutuhadithia sisi Unguja yetu? Swali hilo kwetu si dogo, na wala halihusu filamu peke yake. Halafu picha zenyewe ni nzuri mno. Niliogopa uzuri huo usije ukayalainisha maumivu.

Lakini katika majalada ya kikoloni ninayoyasoma, siasa ya miaka ile ni vyama, viongozi na mikutano, karibu wote wanaume. Katika filamu hii, siasa imo chumbani mwa Mwajuma, aliyechezwa na mwimbaji wetu Siti Amina: ni nani anapewa pa kulala, nani anabisha hodi usiku, wimbo gani unaimbwa wakati wengine wananong'ona. Mwongozaji aliyeanza kwa kukaa chini na mng'arisha viatu amefika kwenye historia kwa mlango uleule. Mlango huo mimi, na kinasa changu, sikuwa nimeubisha.

Niliitazama na Bibi kwenye kompyuta yangu, yeye akiwa na tasbihi mkononi. Katikati akaniambia nisimamishe.

"Sisi tulikuwa tukizitia humu," akasema, akishika pindo la kanga yake.

"Mkitia nini, Bibi?"

"Karatasi. Za kaka yangu."

Kaka yake alikuwa kuli bandarini. Usiku alileta karatasi zilizokunjwa, na asubuhi Bibi, akiwa na miaka kama kumi na minne, alizipeleka nyumba tatu, akijifanya anakwenda kuomba chumvi. Hajui ziliandikwa nini. Hakuna aliyemwuliza kama anaogopa. Alinisimulia karibu saa nzima: milango, mbwa wa jirani, siku aliyokutana na askari akampa salamu huku miguu ikimtetemeka.

Filamu haifiki Januari 1964. Nilipomwuliza kaka yake aliishia wapi baada ya Mapinduzi, Bibi alizivuta tasbihi zake punje kadhaa kabla ya kujibu.

"Jina lake usiliandike," akasema.

Nikamwahidi. Akanisogezea kikombe cha chai, kilichokuwa kimeshapoa, nami nikazima kinasa.