Krismasi Yao ya Kwanza



Desemba ikikaribia, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wale niliowafungisha ndoa mwaka huo: "Pastor, Krismasi tunaenda kwa kina nani?" Bwana anataka kwao, kwa sababu mamake ameshafunga mbuzi. Bibi anataka kwao, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kukosa chapati za mamake siku hiyo. Nauli inapanda kila siku, na hawa wawili wamenuniana ndani ya nyumba ya chumba kimoja.

Usicheke. Mimi na Mama Mchungaji mwaka wetu wa kwanza tulinuniana kuanzia tarehe 10 hadi tarehe 23. Mwishowe tukabaki mjini, tukala wali na maharagwe, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Leo basi nataka nikupeleke mbali kidogo, Uingereza ya miaka ya 1840, kwenye nyumba ya vijana wawili waliooana kila mmoja akiwa na miaka 20. Msichana unamjua hata kama historia uliiacha shuleni, kwa maana jina lake liko kwenye ziwa letu. Ni Malkia Victoria. Kijana ni Albert, mwana wa mtawala wa nchi ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Saxe-Coburg na Gotha. Walikuwa binamu. Mila za kwao ziliruhusu, na hilo tuliache hapo.

Ukisikia ikulu unafikiri raha. Hebu ngoja. Victoria alifiwa na babake akiwa na miezi minane. Alilelewa Kensington chini ya ulinzi mkali, akilala chumba kimoja na mamake mpaka siku alipokuwa malkia mwaka 1837, akiwa na miaka 18. Alipopata mamlaka, karibu jambo la kwanza alilofanya ni kuomba chumba chake mwenyewe, na yeye na mamake wakawa hawaelewani kabisa. Albert naye alikuwa na miaka mitano wakati mamake alipoondoka nyumbani, mwaka 1824, ndoa ilipovunjika. Hakumwona tena. Alikufa Paris mwaka 1831, na mtoto yule hakupata hata kumuaga.

Kwa hiyo hawa ni watoto wawili wa nyumba zilizopasuka, wanaotaka kujenga nyumba moja nzima. Sijui kama unajiona hapo. Wengine wenu nawajua, na najua mmetoka wapi.

Oktoba 1839 Victoria alimposa Albert. Ndiyo, msichana ndiye aliyeposa. Wazee wa kanisa, tulieni. Sheria ya ikulu haikumruhusu mwanamume kumposa malkia. Wakafunga ndoa tarehe 10 Februari 1840. Albert alitamani wakae fungate kwa utulivu, Victoria akamjibu kwamba yeye ni malkia na kazi haimngoji. Wakapata siku tatu hivi. Torati iliagiza kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe (soma Kumbukumbu la Torati 24:5). Hawa walipata siku tatu.

Na mwaka ule ulikuwa mgumu. Bunge lilikuwa limeombwa limpe Albert pauni 50,000 kwa mwaka, likakata likabakisha 30,000, ili ajue yeye ni mgeni. Karatasi za serikali hakuonyeshwa. Alimwandikia rafiki yake kwamba yeye ni mume tu, si mwenye nyumba. Kijana wa miaka 20, nchi ya watu, lugha ya watu, na mkewe ndiye bosi wa kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Halafu jioni ya tarehe 10 Juni, wakiwa kwenye gari la farasi karibu na ikulu, kijana mmoja akawafyatulia bastola mara mbili. Victoria alikuwa na mimba ya miezi minne. Hakuna aliyeumia. Tarehe 21 Novemba akajifungua salama mtoto msichana, Vicky, wakati taifa lilikuwa linasubiri mvulana.

Sasa Desemba ikafika, wakaenda kwenye ngome ya Windsor.

Sisi Desemba yetu ni jua, maembe na likizo ya shule. Kule ni katikati ya baridi. Jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Miti mingi imekauka majani yote, misonobari na jamii yake ikibaki ya kijani. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini Wajerumani walikuwa na desturi ya kuingiza mti mbichi ndani ya nyumba na kuuwekea mishumaa. Ni watu waliokuwa wamekaa gizani, wanataka kuona kitu chenye uhai na mwanga.

Albert aliikumbuka desturi hiyo kutoka kwao. Watu wengi husema yeye ndiye aliyeleta mti wa Krismasi Uingereza. Si kweli. Malkia Charlotte, nyanya yake Victoria, Mjerumani pia, aliweka mti Windsor mwaka 1800, na Victoria mwenyewe aliona miti ya namna hiyo utotoni kwa sababu mamake alikuwa Mjerumani. Nalisema hili si kwa kubishana. Nataka uone kwamba mti ule haukuwa wa upande mmoja. Kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake, wakaziweka juu ya meza moja.

Na kwa kweli ilikuwa juu ya meza. Mti ulikuwa mdogo, ukisimamishwa mezani, umetundikwa peremende na vikeki, mishumaa inawaka kwenye matawi. Zawadi hazikufungwa zikarundikwa chini kama siku hizi. Zilipangwa wazi kando ya mti, na kila mtu alikuwa na meza yake. Zilitolewa jioni ya tarehe 24, kama Ujerumani, ingawa Waingereza wengi wakati huo walipeana zawadi Mwaka Mpya.

Miongoni mwa meza hizo kulikuwa na ya mama mkwe. Yule mama ambaye Victoria hakuelewana naye alikuwa pia shangazi yake Albert, dada ya babake. Taratibu, kwa miaka ile ya kwanza, Albert aliwarudisha mama na mwanawe pamoja. Mimi nikisoma habari zao, hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu. Mvulana aliyeachwa na mamake hakukubali kuona mkewe anamwacha wake.

Baridi ile haikuwa imekwisha. Februari 1841, siku moja kabla ya kutimiza mwaka wa ndoa, Albert alikuwa akiteleza kwenye bwawa lililoganda katika bustani ya ikulu. Barafu ikavunjika, akazama majini mpaka kichwa. Mwanamke aliyefuatana na malkia alisimama akipiga kelele. Victoria, malkia mwenye watumishi wa kila aina, ndiye aliyenyoosha mkono akamsaidia kutoka. Kesho yake, siku ya ukumbusho wa ndoa yao, mtoto wao akabatizwa.

Hebu hesabu: bastola, uzazi, barafu. Ndani ya miezi tisa tu, kila mmoja wao angeweza kuwa kaburini. Ilipofika Krismasi ya 1841 walikuwa na mtoto wa pili, mvulana, na Albert akamwandikia babake kwamba sasa anao watoto wawili wake mwenyewe wa kupewa zawadi, wanaoutazama ule mti wa Kijerumani na mishumaa yake kwa mshangao wa furaha, bila kujua ni kwa nini. Miaka michache baadaye akaandika tena kwamba anawatafuta ndani ya watoto wake yeye mwenyewe na nduguye, jinsi walivyokuwa zamani. Nakuomba usipite hapo haraka. Kumbuka mtoto wa miaka mitano wa 1824.

Nikikuachia hapo utafikiri ni hadithi ya sinema. Januari 1842 haikuisha kabla nyumba ile haijawaka moto. Vicky alikuwa anakonda na kudhoofika. Albert alimlaumu daktari, na zaidi alimlaumu Lehzen, mwanamke wa Kijerumani aliyemlea Victoria tangu utoto na ambaye bado alikuwa na sauti katika mambo ya nyumba yao. Wakagombana vibaya mpaka wakawa hawazungumzi, wanaandikiana kupitia mzee mmoja rafiki wa familia, Stockmar. Albert alimwandikia mkewe kwamba mtoto akifa, lawama itakuwa juu ya dhamiri yake. Wiki chache tu baada ya mishumaa! Maneno ya namna hiyo, mume kwa mke.

Victoria naye alimwandikia Stockmar. Akakubali kwamba ana hasira za haraka, kwamba husema maneno mabaya ambayo hata yeye hayaamini, na kwamba yuko tayari kusahau. Malkia wa Uingereza alikiri hivyo kwa maandishi. Mwaka huohuo Lehzen alipewa pensheni akarudi Ujerumani, na Vicky akapona. (Wewe Lehzen wako unamjua. Sitamtaja.)

Desemba ilipofika, waliweka mti tena.

Kushukuru siku ambayo mtoto anacheka na mume amekuletea zawadi, hata asiyeomba anaweza. Hawa walirudi kwenye meza ileile mwaka ambao walikuwa wameumizana. Wakati mwingine nadhani ndiyo kazi ya desturi ya nyumbani: inakukalisha chini na mtu uliyemkasirikia, kwa sababu tarehe imefika na mishumaa inataka kuwashwa.

Habari za nje ni fupi. Desemba 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya familia hiyo imeuzunguka mti wao. Mwaka 1850 jarida moja la Marekani likaichapa tena, likamwondolea Victoria taji na Albert masharubu, ili waonekane familia ya kawaida. Kutoka hapo kila mtu alitaka mti. Mpaka sisi huku, tunaokata tawi la saiprasi, mti ambao asili yake ni Meksiko na nchi za jirani yake, tukiutundikia pamba eti ni theluji.

Najua kuna atakayeniletea Yeremia 10. Mpendwa, soma sura nzima. Nabii anazungumza juu ya gogo lililochongwa na fundi likapambwa fedha na dhahabu, watu wakaliogopa na kuliabudu. Kama unaliabudu tawi la saiprasi, litoe leo. Kama huliabudu, kuna mambo makubwa zaidi ya kuulizana nyumbani mwako, kwa mfano mara ya mwisho kumshukuru mkeo kwa sauti ilikuwa lini.

Victoria na Albert walipata Krismasi 21 pamoja, na watoto tisa. Machi 1861 mama yake Victoria alifariki. Mwana na mama walikuwa wameshapatana, na Victoria alilia sana. Kisha tarehe 14 Desemba mwaka uleule, hapohapo Windsor, siku kumi kabla ya jioni ya zawadi, Albert alikufa. Madaktari walisema ni homa ya matumbo. Alikuwa na miaka 42. Kabla hata ya mazishi, Victoria aliondolewa Windsor akapelekwa nyumba yao ya Osborne, kwenye kisiwa cha Wight, na Krismasi ile ikamkuta huko, mjane, na watoto wasio na baba. Alivaa nguo nyeusi mpaka alipokufa Januari 1901.

Vicky, yule mchanga wa Krismasi ya kwanza, wakati huo alikuwa ameshaolewa Ujerumani tangu 1858, akiwa na miaka 17. Alikuwa na nyumba yake changa na watoto wake wadogo, katika nchi ambako babake alikuwa ameutoa ule mti.

Basi, nyinyi mlionitumia ujumbe. Mbuzi wa mama atawangoja, na chapati pia. Kabla hamjanunua tiketi, zimeni simu jioni moja wiki hii, mkae mezani wawili tu, hata kama meza ni ndoo iliyofunikwa trei. Kila mmoja amwambie mwenzake kitu kimoja cha Krismasi za kwao ambacho hataki kife, na kitu kimoja alichofanyiwa na mwenzake mwaka huu ambacho bado hajamshukuru. Mimi na Mama Mchungaji tulianza mwaka wetu wa pili, baada ya aibu ya yale maharagwe. Mwaka huu ni zamu ya kwao. Tunaondoka tarehe 22 na basi la asubuhi, na yeye ameshafunga mizigo.