Kabla ya Kushika Waya, Uliza Kwa Nini Uliwekwa

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya elimu ambayo vijana wetu wengi huikimbilia dakika za mwisho, wakati barua ya kuajiriwa iko tayari mfukoni. Ni elimu ya jinsi kompyuta zinavyounganishwa mpaka zikasikilizana.

Nasema haya kwa sababu mpwa wangu mmoja amepata kazi ya kuangalia kompyuta za kiwanda hapa mjini. Anaanza mwezi ujao, na amepewa miezi mitatu ya kutazamwa kabla ya kuthibitishwa. Chuoni alisomea kuandika programu. Nyaya, swichi na ruta alizipitia juu juu. Sasa amenunua kitabu kinene, naye anakariri yale matabaka saba ya mawasiliano yaliyotangazwa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1984. "Mjomba," aliniuliza, "nikiyashika haya yote yatanitosha?"

Nilimwambia hayatamtosha. Matabaka yale yanasaidia kupanga mawazo, lakini mtu anaweza kuyataja yote saba bila kupumua, kisha akasimama mbele ya mtambo uliokufa asijue aanzie wapi. Karibu kila jambo la msingi katika fani hii lilitungwa na mtu aliyekwama. Ukijua alikwama wapi, dawa aliyoitunga haitakupotea kichwani.

Tuanze na simu. Wazee wetu wanakumbuka simu ya mbali ya kupitia kwa opereta: ukishaunganishwa, njia nzima ni yenu wawili, hata mkinyamaza. Kwa kompyuta huo ni ubadhirifu, maana kompyuta husema mengi kwa mkupuo mmoja, ikanyamaza kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Paul Baran, wa taasisi ya RAND kule Marekani, alikuwa akihofia kwamba vita ya nyuklia ingevunja vituo vikuu vya simu na nchi nzima ikawa bubu. Akapendekeza ujumbe ukatwekatwe vipande, kila kipande kitafute njia yake katika wavu wa vituo vingi. Uingereza nako, mwaka 1965, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia alifikia wazo hilo hilo bila kujua habari za Baran. Yeye hakuwa akifikiria vita, alikuwa akitafuta jinsi watu wengi wangeitumia kompyuta moja iliyo mbali. Ndiye aliyevipa vipande hivyo jina tunalolitamka sisi Waswahili bila tabu: pakiti.

Marekani ilijenga mtandao wa namna hiyo, ukaitwa ARPANET. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijaribu kuandika neno la kuingilia katika kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, zaidi ya kilomita 500 kutoka pale. Herufi ya L ikafika. O ikafika. Alipogonga ya tatu, mtambo wa Stanford ukazimika. Saa moja hivi baadaye wakafanikiwa. Watu hupenda kusimulia hizo herufi mbili, lakini mimi napenda zaidi kitu kilichokuwa mkononi mwa Kline, yaani simu ya kawaida. Alikuwa akigonga herufi moja, anamwuliza mwenzake wa upande wa pili kama ameiona, ndipo anagonga nyingine. Kwa hiyo kosa lilipotokea, walijua ni katika hatua ipi.

Sasa nije kwenye jambo linalowatatiza wanafunzi kuliko mengine, yaani yale majina mawili, TCP na IP, ambayo kila kitabu huyaandika pamoja kama mapacha. Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha mpango wao mwaka 1974, na wakati huo itifaki ilikuwa moja tu. Ilifanya kila kitu: kupeleka pakiti, kuzihesabu, kuomba tena iliyopotea. Waliolalamika ni watafiti waliotaka kupitisha sauti ya mtu mtandaoni, akiwamo Danny Cohen. Hapa sisi watu wa redio tunaelewa mara moja. Silabi moja ikikatika hewani, msikilizaji anaijaza mwenyewe. Lakini ukisimamisha matangazo ili silabi ile iletwe upya, umeharibu kipindi chote. Mwaka 1978 kazi zikagawanywa. IP ikabaki na anwani na upelekaji tu, bila kuahidi kwamba mzigo utafika. TCP ikawekwa juu yake kwa ajili ya mambo yasiyoruhusu pengo, kama barua na hesabu za fedha. Wenye haraka, kama sauti, wakapewa njia nyepesi iitwayo UDP, mwaka 1980. Tarehe mosi Januari 1983 ARPANET yote ikaamriwa kuhamia utaratibu huo mpya, na mitambo ambayo haikujiandaa ikajikuta nje. Waliovuka salama walivaa hata beji za kujisifu, na mimi siwalaumu.

Anwani nazo zina kisa chake. Zilivyopangwa mwaka 1981, kila anwani ni namba nne, kila moja kuanzia 0 hadi 255, na jumla yake ni kama bilioni 4.3. Kwa mitambo michache ya wakati ule hilo lilikuwa ghala lisiloisha. Likaisha. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya dunia yaligawiwa. Kilichotuokoa ni ujanja ambao mfanyakazi yeyote wa ofisi zetu anaujua. Kiwanda kina sanduku moja la posta. Barua zote huandikwa S.L.P. ile ile, na zikifika masijala ndipo karani anaangalia hii ni ya mhasibu, ile ni ya mtunza ghala. Ruta ya mlangoni ndiyo masijala. Nje inajulikana kwa namba moja. Ndani kila kompyuta ina namba yake, mara nyingi zile zinazoanza na 192.168, ambazo zilitengwa kwa matumizi ya ndani. Kiwanda cha jirani kinaweza kutumia zile zile wala zisigongane. Nilipomweleza mpwa wangu hivyo, alifunga kitabu akacheka.

Majina nitayapitia haraka. Zamani orodha ya kompyuta zote na namba zake ilikuwa faili moja, ikitunzwa Stanford na Elizabeth Feinler na wenzake. Wageni walipozidi, faili moja haikuweza tena, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatunga mfumo wa kugawa orodha hiyo kwa wengi, kila mmoja akitunza sehemu yake.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale pale Berkeley palikuwa na umbali wa yadi 400 tu, mwendo wa kutoka msikitini hadi sokoni. Ghafla mawasiliano yakaanguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Waya haukukatika wala hakuna mtambo ulioungua. Njia ilijaa, pakiti zikachelewa. Kila kompyuta ilipoona haijibiwi ikatuma tena, nayo jirani ikatuma tena, na njia ikazidi kujaa. Anayeijua Kariakoo saa kumi na moja jioni, kila dereva akichomeka pua ya gari lake, hahitaji maelezo zaidi. Van Jacobson aliyelichunguza jambo hilo alitafuta dawa katika tabia ya watumaji, na mwaka 1988 akaichapisha: anza polepole, ongeza kidogo kidogo, na ukiona pakiti imepotea, punguza mwendo. Kwa hiyo wakubwa wanapolalamika kwamba mtandao ni mzito, kununua waya mnene si lazima liwe jibu la kwanza.

Na njia je? Hapa kwetu Afrika Mashariki somo hilo tulilisoma kwa gharama. Kabla ya mwaka 2000, barua ya kompyuta kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine, kama kila moja ilikuwa na kampuni yake ya intaneti, ilipanda setelaiti hadi ng'ambo ndipo ikarudi. Novemba 2000 kampuni hizo zikafungua kituo cha kubadilishana pakiti humo humo mjini. Hakikukaa sana kikafungwa, kwa malalamiko ya kampuni ya simu iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje. Kikafunguliwa tena mwaka 2002. Nyaya za baharini zikafuata, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na setelaiti ikaacha kuwa tegemeo.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zikapata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama ile fundi asiyejua mpaka kati ya mtandao wake wa ndani na ule wa nje huanza kuzima na kuwasha mitambo mizima, mpaka ghala na malipo yaliyokuwa yakienda vizuri nayo yasimame. Anayejua hufungua programu ndogo iitwayo ping, iliyoandikwa na Mike Muuss Desemba 1983. Kazi yake ni kuita mashine moja na kusubiri iitike. Huanza na kompyuta ya meza ya pili: ikiitika, swichi na waya wa pale havina neno. Kisha huita ruta ya mlangoni, kisha mtambo wa kampuni ya intaneti, kisha wa nchi nyingine, na pale wito unapokosa jibu ndipo anapoanza kutafuta namba ya mtu wa kumpigia simu.