Mtoto akiharibu mali ya jirani, nani hulipa?

MTOTO akichezea kiberiti na kuteketeza nyumba ya mikeka ya jirani huko Garissa, hakukusudia uovu, lakini jirani amebaki bila makao. Nani amfidie?

Kwa mujibu wa xeer, sheria ya kimila ya Wasomali, ambao ndio wengi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, dai huelekezwa kwa baba au mlezi. Hasara ikimlemea, jamaa wa ukoo humchangia. Wazee husikiliza pande zote mbili, kisha hukadiria fidia.

Fiqhi ya Kiislamu nayo humwondolea mtoto dhambi, ila haifuti haki ya aliyepoteza mali: fidia hutolewa katika mali ya mtoto, iwapo anayo. Hata hivyo, dai kama hili halipelekwi kwa Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimempa mamlaka ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu pekee.

Mbele ya mahakama za kawaida, mzazi halipi kwa sababu tu ni mzazi. Mlalamishi sharti athibitishe uzembe wake, mathalani kumwachia mtoto kiberiti. Madai yasiyozidi Sh1 milioni husikilizwa na mahakama ya madai madogo.

Kifungu cha 159 huhimiza suluhu za kimila, mradi zisikiuke haki za binadamu. Ni busara basi mapatano ya wazee yaandikwe mbele ya mashahidi, ugomvi usije ukafufuka.