Shujaa Ni wa Nani? Miaka 20 ya City of Heroes na Kesi Iliyougusa Moyo wa Mchezo

Tarehe 4 Januari 2024, miezi michache kabla ya kutimia miaka 20 tangu mchezo wa City of Heroes uanze kuuzwa nchini Marekani, kampuni ya NCSoft ya Korea Kusini iliwapa leseni rasmi wachezaji wa kujitolea wanaojulikana kwa jina la Homecoming, ambao tangu mwaka 2019 walikuwa wakiuendesha mchezo huo bila idhini ya mwenye mali. Kwa leseni hiyo, kazi ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeizima mwaka 2012 ilirejeshewa uhalali wake, na watu waliokuwa wakivumiliwa tu wakatambuliwa kuwa waangalizi halali. Historia ya mchezo huu inastahili kuelezwa upya, si kwa sababu ya umri wake pekee, bali kwa sababu imebeba swali ambalo sheria na soko havijalijibu kwa haki: mtu anapotumia saa nyingi kumbuni shujaa, akamchagulia asili, nguvu, vazi na jina, shujaa huyo ni mali ya nani?

City of Heroes ni mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi, yaani mchezo ambao watu walio mbali mbali huingia kwa wakati mmoja, kwa njia ya intaneti, katika ulimwengu wa kubuni unaohifadhiwa kwenye seva, ambazo ni kompyuta zilizo mikononi mwa mwendeshaji wa mchezo na si mwa mchezaji. Kila mchezaji huwakilishwa humo na mhusika aliyemuunda mwenyewe, na mhusika huyo hukua kwa kupanda ngazi kadiri anavyoshinda mapambano. Wakati michezo mingi ya aina hiyo ilisimulia habari za wapiganaji wa panga, wachawi na majoka, huu ulichota katika vitabu vya katuni vya Marekani, vile ambavyo tangu alipotokea Superman mwaka 1938 vimesimulia habari za mashujaa wenye nguvu zinazopita za binadamu. Hata maboresho ya mchezo yaliyotolewa mara kwa mara yalihesabiwa kwa namba za matoleo, kama yanavyohesabiwa majarida ya katuni.

Mchezo ulitengenezwa na Cryptic Studios, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2000 katika jimbo la California, na NCSoft ikawa mchapishaji wake. Rick Dakan, mmoja wa waanzilishi, ndiye aliyeongoza ubunifu wa mwanzo, ambao ulimruhusu mchezaji kuchanganya nguvu yoyote na nyingine yoyote. Lakini uhuru huo ulipojaribiwa ilionekana kwamba mtu angeweza kujenga shujaa asiyefaa kwa pambano lolote, na Jack Emmert alipochukua uongozi wa ubunifu mfumo ukapangwa upya kwa kuwagawa mashujaa katika makundi yenye majukumu tofauti. Mwishoni mwa Aprili 2004 milango ya Paragon City, jiji la kubuni lililowekwa katika jimbo la Rhode Island, ilifunguliwa kwa wachezaji wa Marekani waliolipa ada ya dola 14.99 kwa mwezi, na wale wa Ulaya wakafuata mwaka 2005.

Uhodari wa mchezo huu, na chanzo cha mgogoro wake mkubwa, ulikuwa katika ujenzi wa mhusika. Kabla ya kupigana, mchezaji alitakiwa kuchagua asili ya nguvu za shujaa wake miongoni mwa asili tano, ambazo ni mafunzo ya kawaida ya mwili, uchawi, mabadiliko ya kimaumbile aliyozaliwa nayo, sayansi na teknolojia. Kisha alichagua kundi, nayo yalikuwa matano mwanzoni: Tanker, anayesimama mbele na kupokea mapigo kwa niaba ya wenzake, Scrapper, mpiganaji wa karibu, Blaster, anayeshambulia kutoka mbali, Controller, anayewafunga na kuwazuia maadui, na Defender, anayewakinga na kuwaimarisha wenzake. Ndani ya kundi lake mchezaji alichagua mafungu mawili ya nguvu, la msingi na la nyongeza, kama moto, barafu, mawe au nguvu za akili, na muunganiko wa mafungu hayo uliwatofautisha mashujaa wawili wa kundi moja hata wasifanane katika mapigano.

Baada ya nguvu lilikuja vazi, na hapo ndipo wachezaji wengi walipokawia kuliko mahali pengine popote. Mtambo wa kuunda wahusika ulimruhusu mtu kuamua kimo na umbo la mwili, barakoa, glavu, buti, nembo ya kifuani na rangi za kila kipande, halafu kuandika wasifu mfupi ambao wachezaji wengine wangeweza kuusoma. Joho la mabegani, ambalo katika katuni ni kama kilemba cha cheo, halikupatikana mwanzoni; lilipoongezwa baadaye katika mwaka huo huo wa 2004, shujaa alitakiwa kufika ngazi ya 20 na kutekeleza kazi maalumu kabla ya kulivaa, kwa maelezo kwamba mashujaa wa jiji waliacha kuvaa majoho ili kumwomboleza mwenzao aliyepotea katika vita dhidi ya wavamizi walioitwa Rikti. Uwezo wa kuruka angani au kukimbia kwa kasi kubwa ulisubiri ngazi ya 14, na aliyeufikia aliliona jiji upya kutoka juu ya maghorofa yake.

Ujenzi haukuishia hapo, kwani kila nguvu ilikuwa na nafasi, zisizozidi sita, za kuwekea viimarishi, yaani vitu vya kuongeza ukali wa pigo, usahihi wake au kasi ya kurudi kwake. Nafasi hizo zilipatikana kidogo kidogo, na mchezaji aliyezitawanya ovyo aliishia kuwa na shujaa dhaifu. Hivyo upangaji wake ukawa elimu kamili, na wachezaji wenyewe wakatengeneza programu iitwayo Mids' Hero Designer ili kupiga hesabu za mhusika kabla ya kumjenga.

Mtambo wa kuunda wahusika ulikuwa na miezi michache tu sokoni pale, Novemba 2004, kampuni ya Marvel, mmiliki wa Spider-Man, Hulk na Wolverine, ilipofungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya jimbo la California dhidi ya NCSoft na Cryptic. Dai kuu la Marvel halikuwa kwamba watengenezaji walikuwa wamewachora mashujaa wake. Ilidai kwamba walikuwa wamewapa wachezaji chombo cha kuwanakili, na ilitoa mfano kuwa mtu angeweza kuunda jitu kubwa la kijani la kundi la Tanker lenye asili ya sayansi, ambalo lingefanana mno na Hulk, au shujaa mwenye mabadiliko ya kimaumbile na makucha, ambaye angefanana na Wolverine. Kwa lugha ya sheria, wadaiwa walishtakiwa zaidi kwa kuwezesha na kunufaika na uvunjaji wa hakimiliki uliofanywa na watu wengine, kuliko kwa kuuvunja wenyewe.

Uzito wa dai hilo ulizidi mipaka ya mchezo mmoja, kwa sababu liligusa msingi wa aina nzima ya sanaa. Shujaa wa katuni hujengwa kwa vipande vinavyorithiwa: mwenye nguvu nyingi, mwenye kuruka, mwenye makucha, mwenye kuvaa barakoa, na karibu kila mchapishaji, Marvel ikiwa mmoja wao, amewahi kuazima vipande hivyo kutoka kwa waliomtangulia. Kama rangi ya kijani, mwili mkubwa na asili ya kisayansi vingehesabiwa kuwa mali ya kampuni moja, basi kalamu ya mtoto anayechora shujaa darasani nayo ingekuwa chombo cha kuvunja sheria, na aliyemuuzia kalamu angekuwa mshitakiwa. Kwa upande mwingine, haiwezi kukataliwa kwamba wapo wachezaji walionakili kwa makusudi, na kanuni za mchezo zilikataza jambo hilo, kiasi kwamba mhusika aliyebainika kuwa nakala alivuliwa jina lake na kupewa jina lisilo na maana yoyote mpaka mwenyewe amrekebishe.

Kiini cha mgogoro kilijitokeza katika uamuzi wa Machi 2005, uliotolewa na Jaji R. Gary Klausner. Miongoni mwa vielelezo ambavyo Marvel iliviwasilisha mahakamani palikuwa na picha za wahusika wa mchezo waliofanana na mashujaa wake, na wadaiwa walionyesha kwamba wahusika hao waliundwa na watu wa upande wa Marvel wenyewe, walioingia katika mchezo na kuwajenga. Jaji aliviondoa vielelezo hivyo, kwa kuwa mwenye hakimiliki hawezi kusemwa kuwa ameivunja hakimiliki yake mwenyewe, na picha aliyoitengeneza mdai haiwezi kuthibitisha kosa la mtu mwingine. Alitupilia mbali pia madai yaliyohusu alama za biashara, akieleza kwamba mchezaji anayemwita mhusika wake kwa jina fulani kwa ajili ya burudani hafanyi biashara kwa jina hilo.

Uamuzi huo haukuimaliza kesi, kwa kuwa madai makuu ya hakimiliki yaliachwa yaendelee, lakini uliweka mpaka ulio na maana kwa kila anayebuni ndani ya chombo cha mtu mwingine: kuwepo kwa uwezekano wa kunakili si sawa na kunakili. Desemba 2005 pande zote zilifikia mapatano nje ya mahakama, masharti hayakutangazwa, na mtambo wa kuunda wahusika ukabaki kama ulivyokuwa. Hasara ya mapatano hayo ni kwamba swali kuu halikupata hukumu, na wabunifu waliokuja baadaye wakaachiwa hofu bila mwongozo.

Mkasa huo ulipata mwendelezo ambao unaonyesha jinsi uadui wa kibiashara usivyodumu. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba Cryptic, mdaiwa wa jana, ingetengeneza mchezo wa mtandaoni wa mashujaa wa Marvel kwa ajili ya kampuni ya Microsoft. Mradi huo ulifutwa mwaka 2008, na Cryptic ikaigeuza kazi iliyokwisha kufanyika kuwa Champions Online, mchezo mwingine wa mashujaa uliotoka mwaka 2009. Wakati huo Cryptic ilikuwa imekwisha kuiuzia NCSoft haki zote za City of Heroes, mwaka 2007, na sehemu ya wafanyakazi wake wakabaki na mchezo chini ya studio mpya iliyokuja kuitwa Paragon Studios.

Miaka iliyobaki ilikuwa na mabadiliko mengi ambayo wachezaji wanayakumbuka kwa majina yake. Oktoba 2005 ilitoka City of Villains, iliyowaruhusu watu kucheza upande wa waovu, na karibu na wakati huo huo watengenezaji walipunguza faida ya kurundika viimarishi vya aina moja katika nguvu moja, hatua iliyowakasirisha wengi kwa kuwa ilivunja mipango waliyokuwa wameijenga kwa miezi mingi. Aprili 2009 wachezaji walipewa chombo cha kutunga visa vyao wenyewe na kuwaalika wengine wavicheze. Mwaka 2011 mchezo ulifunguliwa kwa wasiolipa ada ya mwezi.

Tarehe 31 Agosti 2012 NCSoft ilitangaza kwamba Paragon Studios inafungwa na mchezo utazimwa. Mwezi uliofuata wachezaji walikusanya wahusika wao katika Atlas Park, kitongoji ambamo mashujaa wapya huanzia safari, wakasimama mbele ya ukumbi wa jiji wakiwa na mienge mikononi, na ombi la kuunusuru mchezo likapata saini zaidi ya 20,000. Ombi halikusikilizwa, na tarehe 30 Novemba 2012 seva zikazimwa. Masharti ya matumizi, ambayo kila mchezaji aliyakubali kabla ya kuingia, yaliilinda kampuni kikamilifu, wala hapakuwa na sheria iliyoitaka ihifadhi chochote kati ya wahusika waliojengwa kwa zaidi ya miaka minane.

Kazi ya kuhifadhi ikafanywa na wachezaji. Kabla ya mwisho walitengeneza programu ya kunakili taarifa za mhusika, na baada ya mwisho wakatengeneza nyingine iliyowezesha mtambo wa mavazi kufunguka bila seva. Aprili 2019 ilifichuka kwamba seva ya siri ilikuwa ikiendeshwa kwa miaka kadhaa kwa ajili ya wachache. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu yanayouwezesha mchezo kufanya kazi, ukatolewa hadharani, na seva za Homecoming zikaanza.

Leseni ya mwaka 2024 inastahili kupongezwa, lakini haifai kuchukuliwa kama utaratibu, kwa kuwa ilitokana na hiari ya mmiliki mmoja. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2018, iliyozipa maktaba na makumbusho ruhusa ya kuhifadhi michezo ya mtandaoni iliyoachwa, inataka taasisi iwe imeupata msimbo wa seva kwa njia halali, na njia hiyo kwa kawaida ni kupewa na kampuni ile ile iliyouzima mchezo. Riwaya inapoacha kuchapishwa, nakala zake hubaki katika rafu za maktaba. Mchezo wa mtandaoni unapozimwa, hupotea pamoja na kazi ya wote waliojenga ndani yake. Kampuni inayouza chombo cha kubunia, na kupokea ada ya kila mwezi kutokana na ubunifu wa wateja wake, inapaswa kulazimishwa na sheria kukabidhi nakala ya msimbo wa seva kwa taasisi ya kumbukumbu siku inapoamua kuuzima mchezo, na kumruhusu kila mchezaji kuondoka na mhusika wake. Mahakama ya California ilipata nafasi ya kuanza kulijibu swali la umiliki mwaka 2005 na mapatano yakaizuia. Sasa ni wajibu wa watunga sheria kulijibu kabla ulimwengu mwingine kama huo haujafutwa.